UZI: Mshono wa milimita 6 na watu 123. Tuongee ukaguzi wa usalama majukwaa ya mafuta na gesi yanapojengwa

Mzee_wa_Himbi (Goma)

Bandugu, jambo yenu.

Tangu Kinshasa itangaze mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi ya ziwa letu la Kivu mwaka 2022 (Makelele, Idjwi na Lwandjofu), kila nikikaa kwa kinyozi nasikia hesabu za umeme na za ajira. Mnada wa mafuta ulifutwa 2024, ila gesi bado iko midomoni mwa watu. Ng'ambo ya ziwa, Karongi nchini Rwanda, jukwaa linaelea na kutoa gesi ya umeme tangu mwisho wa 2015. Kwa kinyozi sijasikia hata mmoja akiuliza: siku ya kujenga la kwetu, nani atakagua mishono?

Kazi hiyo nimeifanya. Lava ya Januari 2002 ilipita juu ya karakana ya baba pale Birere, nikaondoka na cheti cha kuchomelea mfukoni, nikafika yadi moja ya pwani ya Atlantiki wanakounda sehemu za majukwaa ya mafuta. Yadi sitaitaja. Miaka sita nilichomelea, halafu mkaguzi mmoja akanichukua niwe msaidizi wake. Alisema anataka mtu anayejua mahali mafundi wanapoficha.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kisa cha Alexander L. Kielland. Hilo ni jukwaa la kuelea lenye miguu mitano, liliundwa Dunkirk, Ufaransa, likakabidhiwa 1976. Huko Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, lilifanywa bweni: watu wa jukwaa la jirani walivuka kwa daraja kuja kula na kulala. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, upepo na mawimbi, kiungo kimoja kati ya sita vilivyoshika mguu mmoja kikakatika. Vitano vilivyobaki vikafuata kama vifungo vya shati. Mguu ukaenda zake, jukwaa likalala ubavu, na kabla nusu saa haijaisha lilikuwa kichwa chini miguu juu. Ndani walikuwamo watu 212. Walikufa 123.

Sasa sikilizeni mahali ufa ulipoanzia. Kwenye kile kiungo walikuwa wametoboa tundu, wakachomelea kishikio cha kifaa cha kusikiliza sauti chini ya maji. Kishikio chenyewe hakibebi mzigo wowote. Mshono wake ulikuwa wa milimita 6. Kwa mchoraji ni mahali pa kutundika kifaa tu, lakini chuma hakijui mchoraji alikusudia nini, chenyewe kinajua kimetobolewa mfupa. Ufa ukatoka hapo, kila wimbi likiusogeza kidogo, mpaka ukazunguka sehemu kubwa ya bomba lile.

Na wachunguzi walipofungua ule ufa walikuta rangi ndani. Rangi ya yadi. Yaani siku fundi wa rangi anapita na brashi yake, ufa ulikuwa tayari upo, na rangi ikaingia humo.

Mimi ile rangi hainitoki kichwani. Watu wangapi walipita pale na karatasi mkononi? Nguzo kubwa hazisahauliki, kwa sababu kila mtu anaogopa nguzo kubwa. Kishikio kilikuwa cha nani?

Karibuni tuongee.

---

Kadogo_Birere (Goma)

Mukubwa, aksanti sana. Miye natengeneza mageti, madirisha, na sasa maboti ya chuma. Niseme ukweli mbele ya watu: kupaka rangi juu ya mshono mbaya nimefanya. Mteja anaangalia rangi.

Swali langu: mkaguzi anajuaje? Mishono elfu na elfu, yeye ni mtu mmoja na siku tano.

---

Mzee_wa_Himbi

Kadogo, umesema kweli, na wote tumefanya.

Kwanza tutenganishe watu wawili. Kuna anayepima mshono: ana taa, ana mashine ya mawimbi ya sauti, ana picha za mionzi. Halafu kuna mkaguzi wa usalama, ambaye kazi yake ni kujua kama huyo wa kwanza anapima kweli, na kama mtu aliyemo ndani ya tangi atatoka mzima. Wa pili hawezi kuangalia kila mshono. Anachagua. Ujanja wote uko kwenye kuchagua.

Mkaguzi mvivu anaanza ofisini. Anakaribishwa chai, anawekewa majalada kumi yenye migongo ya rangi, anachagua jalada, anasoma, kila kitu kipo. Bila shaka kipo, jalada limeandaliwa na mtu anayelipwa kuandaa majalada. Yule mzee wangu alikuwa anaanzia kwenye chuma. Anatembea hadi mahali pasipo na mtu, nyuma ya ngazi, chini ya kishikio cha waya, anaweka chaki kwenye mshono mmoja. Kisha anauliza: nani alichomelea huu? Pale pembeni pana alama ya fundi. Fundi huyo cheti chake kinamruhusu mkao huu, yaani kuchomelea juu ya kichwa, au alifanyia mtihani mezani tu? Bati hili lina namba ya myeyuko, yaani ya chungu kilichoyeyushiwa chuma chake, iliyopigwa kiwandani, nionyesheni cheti cha namba hii. Bageti, vile vijiti vya kuchomelea, zilitoka tanuri gani? Kutoka chuma kwenda karatasi. Ukienda hivyo, karatasi ikikosekana haina pa kujificha.

Siku moja alipiga chaki hivyo kwenye kishikio cha taa. Kidogo, kama kiganja. Alama ya fundi hakuna. Tukaulizana nusu siku. Mwishowe ikajulikana kilichomelewa usiku na fundi umeme, kwa sababu wachomeleaji walikuwa wamekwenda kulala na yeye alitaka kutundika taa yake. Alichomelea juu ya kiungo cha kubeba mzigo. Kielland ile ile, hata miezi miwili haijapita tangu nisimuliwe.

Na tanuri, Kadogo. Unajua bageti za aina ya 7018 zinataka kukaa kwenye joto, kama nyuzi 120 na kwenda juu, zisinywe unyevu. Zikinywa, haidrojeni inaingia kwenye mshono na chuma kinapasuka baadaye, kesho yake, wewe umeshakwenda nyumbani. Sasa sisi tulifungua tanuri, daftari la joto limejazwa vizuri kabisa, na ndani tukakuta sahani mbili za wali na samaki zimefunikwa na foili. Mvuke wote huo unakwenda wapi? Kwenye bageti. Nilicheka, mzee wangu hakucheka. Aliandika ukurasa mzima kuhusu yadi kukosa mahali pa watu kupashia chakula. Hakuandika jina la mwenye samaki.

---

Mwana_Katanga (Lubumbashi)

Papa, hadithi tamu. Lakini huku L'shi sisi tunaishi na ukaguzi, niwaambie unavyokuwa. Mimi nasimamisha majukwaa ya kupandia, eshafodaji, kwenye kampuni moja ya madini. Barua inakuja wiki mbili kabla: wakaguzi watafika tarehe fulani. Basi rangi ya njano inanunuliwa. Mitungi ya kuzimia moto inafutwa vumbi. Tunapewa glavu mpya, na wengine tunaambiwa siku hiyo tubaki nyumbani na mshahara tutalipwa, kwa sababu hatuna cheti cha kupanda juu. Wakaguzi wanakuja, wanapiga picha, bukari ya ofisi inaliwa, wanakwenda. Siku ya pili glavu zinarudishwa stoo.

Getini tuna ubao: siku kadhaa bila ajali. Mwenzangu alivunjika kidole, akawekwa kwenye kiti ofisini wiki mbili ili ihesabike amekuja kazini. Ubao ukaendelea kuhesabu.

Mnadanganyana na chaki zenu.

---

Nyota_wa_Ibanda (Bukavu)

Kaka wa Katanga, ubao wako una ndugu yake. Tarehe 20 Aprili 2010, Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko: wakubwa wa kampuni walikuwa wamepanda juu ya jukwaa siku hiyo hiyo, na mojawapo ya mambo yaliyowapeleka ni kuwapongeza watu kwa miaka saba bila mtu kupoteza siku ya kazi kwa kuumia. Usiku kisima kikalipuka, wakafa 11. Kabla ya hapo jaribio la kupima kama kisima kimezibwa lilikuwa limetoa dalili mbaya, wakalisoma kuwa zuri. Vidole vilihesabiwa, kisima hakikuhesabiwa.

---

Mzee_wa_Himbi

Mwana Katanga, sikatai hata neno moja. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa zamani na umeshaua. Jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, 6 Julai 1988: mkaguzi wa serikali alikuwa amefika mwezi mmoja tu kabla. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alisema wazi kwamba ukaguzi ule ulikuwa wa juu juu kiasi cha kutofaa kupima usalama wa pale. Walikufa 167.

Na chanzo chake kinafundisha kuliko majalada. Pampu moja ilitolewa vali yake ya usalama ipelekwe kutengenezwa, mahali pake pakazibwa na kifuniko cha muda. Kulikuwa na vibali viwili vya kazi, kimoja cha pampu na kingine cha vali. Zamu ya usiku ilijua cha pampu, cha vali haikukijua. Pampu ya pili ikazimika, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja pale kwenye kifuniko, ikalipuka. Vibali vyote viliandikwa, kaka. Karatasi ilikuwapo, ila haikufika kwa mtu aliyeshika swichi. Mkaguzi angesimama nusu saa pale zamu zinapopokezana, saa kumi na mbili jioni, watu wamechoka na wengine bado wanavaa, angeona kama wanaambiana au wanasaini tu.

Kwa hiyo barua ya wiki mbili hainitishi. Wape wiki mbili wapake rangi. Lakini uje pia usiku. Uje wakati wa kupokezana zamu. Na ukiona wafanyakazi 40 kwenye orodha ya mishahara na 31 kwenye shantie, pale kazini, uliza wale tisa wako wapi. Hapo ningefika kwako nyumbani, Mwana Katanga.

---

Mwana_Katanga

Hapo ningekupikia hata kuku 😂

Ila nijibu hili: mkaguzi analipwa na nani?

---

Nyota_wa_Ibanda

Hilo hasa. Kabla Papa hajajibu niongeze la ziwa, maana naona tunazunguka bahari za watu.

Mimi nashughulikia usalama kwenye ujenzi, majengo ya kawaida. Ila marehemu baba alikuwa mvuvi wa sambaza, na ziwa hili nalijua kwa masikio yake. Kivu si maji matupu. Chini kuna tabaka zito lenye chumvi, na humo kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300 na methani kama 60. Maji ya juu ndiyo kifuniko. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni lilifunguka usiku mmoja, gesi ikateremka mabondeni, wakafa watu kama 1,700. Nyos ni dogo sana ukililinganisha na hili, na Nyos halina Goma wala Bukavu kando yake.

Sasa jukwaa la gesi la Karongi linavuta maji ya kina cha kama mita 350. Maji yakipanda, gesi inajitoa yenyewe kama soda iliyofunguliwa, inatenganishwa, inasafishwa, inapelekwa pwani kwa bomba. Yale maji yaliyobaki lazima yarudishwe chini, na kina cha kuyarudishia ndicho roho ya shughuli yote. Ukiyamwaga juu mno unachezea kile kifuniko. Kwa hiyo bomba la kurudishia maji, urefu wake, maungio yake, kwangu ni sawa na ile nguzo kubwa. Na likikatika katikati, nani ataona? Pampu itaendelea kunguruma, umeme utaendelea kuwaka.

Mkaguzi wa jukwaa la Bahari ya Kaskazini anaweza kuja hapa na orodha yake nzuri kabisa ya maswali, na swali hilo lisiwemo.

---

Mzee_wa_Himbi

Mama Nyota, hilo la bomba la kurudi sikulifikiria hivyo. Mimi ningekimbilia nanga na minyororo.

Niongeze kitu cha hapa hapa Goma, kwa vijana watakaoingia kwenye matangi. Sisi sote tumelelewa na mazuku. Mtoto wa Goma anajua: kwenye shimo asubuhi, kama hakuna upepo, usiiname. Mbuzi anaingia hatoki, mtu mzima amesimama wima anapumua tu, akiinama amekwisha. Gesi nzito, haina rangi.

Kwenye ujenzi wa jukwaa mazuku tunatengeneza wenyewe. Ukichomelea bomba la chuma kisichoshika kutu, unajaza gesi ya agoni ndani ili mshono usiungue upande wa pili. Agoni ni nzito kuliko hewa. Inavuja, inashuka, inatulia chini ya tangi. Haina harufu, haikabi. Fundi anaingia kuokota tochi.

Ndiyo maana mlangoni mwa tangi lazima awepo mtu asiyeondoka, na kipimo cha hewa kisomwe kwa muda uliopangwa. Oksijeni ya kawaida ni 20.9 kwa mia. Ikishuka chini ya 19.5 hakuna kuingia. Siku moja nilifika mlangoni saa nne asubuhi. Mlinzi wa mlango hayupo, amekwenda kutafuta chai. Kipimo kimetundikwa kwenye msumari, nje, kwenye hewa safi ya bahari. Nikachukua daftari. Saa moja, 20.9. Saa mbili, 20.9. Saa tatu, saa nne. Nikaendelea kushuka na kidole: saa tano 20.9, saa sita 20.9, mpaka saa kumi jioni. Mwandiko mmoja, kalamu moja, sahihi kila mstari. Ndani ya tangi kulikuwa na watu watatu, nawasikia wanagonga.

Niliwatoa. Hawakuwa wameumia. Msimamizi alikasirika kwa dakika 40 za kazi zilizopotea, na jioni nikaitwa ofisini kuulizwa kwa nini naharibu uhusiano mzuri na mjenzi.

Kwa hiyo Mwana Katanga, swali lako. Mkaguzi analipwa na mwenye jukwaa au na mjenzi, mara nyingi hivyo. Yule mzee wangu mkataba wake ulikuwa na mstari mmoja: anaweza kusimamisha kazi bila kumpigia mtu simu. Mimi kama msaidizi sikuwa nao, nilikopa jina lake. Mkataba wa mwaka uliofuata mstari ule haukuwemo, na yeye hakusaini. Nami nikarudi Goma.

---

Nyota_wa_Ibanda

Papa, hapo sikubaliani. Mstari kwenye mkataba unafutwa, umesema mwenyewe. Baada ya Piper Alpha Waingereza waliiondoa kazi ya ukaguzi kwenye wizara iliyosimamia pia uzalishaji wa mafuta, wakaipeleka kwenye idara ya usalama, na mwenye jukwaa akalazimishwa na sheria kuandika na kuthibitisha jinsi gani jukwaa lake halitaua watu, kabla hajaruhusiwa kufanya kazi. Nguvu ya kusimamisha iwe ya sheria. Tena kwetu ziwa ni la nchi mbili: jukwaa la huku likikosea, maji hayaombi viza.

---

Mzee_wa_Himbi

Sheria naipenda. Lakini sheria iko Kinshasa na tangi liko majini. Saa nne asubuhi nilikuwa peke yangu na daftari. Tutabishana hili mpaka kesho, mama, na sidhani utanishinda wala mimi kukushinda.

---

Nahodha_Kituku (Goma)

Mnaongea majukwaa ya mabilioni. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama hapa mbele ya Kituku, imejaa kupita kiasi, watu wamesimama ufukweni wanaangalia ndugu zao. Hiyo haikuhitaji mashine ya mawimbi ya sauti. Ilihitaji mtu wa kuhesabu vichwa na kusema "nyinyi wengine shukeni".

---

Mzee_wa_Himbi

Nahodha, pole kwetu sote. Sina la kuongeza hapo.

---

Kadogo_Birere

Mukubwa, narudi na habari. Nilienda kwa jamaa mmoja wa gereji kubwa akanikopesha yale makopo matatu ya kutafutia ufa: la kusafishia, jekundu na jeupe. Nina boti ya mteja karakanani, imekuja tuongeze kiti. Nikasema ngoja nijaribu kwenye kishikio cha kamba, kile kidogo cha mbele, sababu ya hadithi yako. Nikakwangua rangi, nikasafisha, nikapuliza nyekundu, nikangoja kama dakika kumi na tano, nikafuta na kitambaa, nikapuliza nyeupe.

Mwanzo hakuna kitu. Nikaenda kuchukua maji. Kurudi, mstari mwekundu kama unywele, urefu wa kidole changu. Hauko kwenye mshono hata. Umetoka kwenye mshono ukaingia kwenye bati la boti.

Na mshono ule ni wangu, mukubwa. Wa mwaka jana.

---

Mzee_wa_Himbi

Kitambaa ulifuta nacho tu, hukumwagia dawa ya kusafishia moja kwa moja? Ukimwagia, inaosha hata nyekundu iliyo ndani ya ufa, halafu jeupe linakudanganya kuwa ufa ni mfupi.

---

Kadogo_Birere

Kitambaa tu. Dawa niliweka kwenye kitambaa.

---

Mzee_wa_Himbi

Vizuri. Toboa tundu dogo pale ufa unapoishia kwenye bati, mbele kidogo ya ncha, ili ufa usiendelee kutembea. Kisha saga mpaka mstari upotee, upulize tena nyekundu na nyeupe uhakikishe. Ukitokea tena, saga tena. Ukipotea kabisa ndipo unajaza, na bageti kavu. Na kile kishikio usikirudishe pale pale, weka kwanza bati la kukipokea, lenye pembe za mviringo. Rangi ni ya mwisho, baada ya mimi kuona.

---

Kadogo_Birere

Tatizo mwenye boti amepiga simu sasa hivi. Kesho saa kumi na moja alfajiri anataka kupakia kwenda Minova. Anasema kiti hakitaki tena, nimpe boti yake.

---

Mzee_wa_Himbi

Nitumie namba yake. Na injini isiwe kwenye boti nikifika.